Chuo cha Tamthilia ya Muziki Hupimwa Darasani

Kijana wa Kwale anayetaka kusomea tamthilia ya muziki, yaani kuimba, kucheza na kuigiza katika onyesho moja, huanza kwa kutafuta jina. Jamaa huuliza kama ni chuo kikuu, kama ni Nairobi au ng'ambo, halafu mazungumzo huishia kwenye karo. Kwa maoni yangu jina ni kipimo dhaifu. Swali linalofaa ni hili: kwa wiki, mwanafunzi husimama saa ngapi mbele ya mwalimu, peke yake au katika kundi dogo, akirekebishwa sauti, mwili na uigizaji? Na je, mambo hayo matatu hukutanishwa katika zoezi moja? Karo nayo igawanywe kwa saa hizo ndipo ijulikane kama ni ghali au rahisi.

Sababu yenyewe ni pumzi. Anayeimba amesimama wima hutumia pumzi kwa namna moja. Anayeimba huku akiruka na kumjibu mwigizaji mwenzake huhitaji nidhamu nyingine kabisa, na hiyo haipatikani kwa kusoma muziki Jumatatu na uigizaji Alhamisi. Katika darasa zuri utamwona mwalimu akimkatiza mwanafunzi kwenye mstari wa tatu, akamwambia aweke kiganja chini ya mbavu, aurudie mstari uleule akitembea, kisha akichuchumaa na kuinuka, mpaka sauti isizame mwishoni. Katika darasa bovu wimbo huimbwa wote, watu wakapiga makofi, akaitwa mwingine. Tazama pia chuo kinavyompokea aliyelelewa na sengenya, ngoma ya Wadigo. Huyo ana mdundo mwilini kabla hajajua noti hata moja, na mkufunzi mahiri hujenga juu ya mdundo huo. Chuo kinachomtaka auache mlangoni kimetupa nusu ya alichokuja nacho.

Wapo watakaosema kipaji hakifundishwi, na watatoa mfano wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako mwaka 1977 wakulima na vibarua waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa nyimbo na ngoma, hadi serikali ikaizuia. Ni kweli hawakupitia chuo chochote cha sanaa. Lakini walifanya mazoezi kwa miezi, hadharani, wakisahihishwa na mwelekezi wao Kimani Gecaũ na hata na wanakijiji waliokuja kutazama. Mfano huo unanionyesha kwamba jengo na cheti vinaweza kukosekana. Saa za kurekebishwa haziwezi.

Kwa kipimo hiki, mtu wa Msambweni, Kwale, angeanza kutazama kusini kabla ya Nairobi. Ukivuka mpaka Lunga Lunga, barabara ya Tanga inakuelekeza Bagamoyo, kwenye TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Pale ngoma, muziki, maigizo na sarakasi hufundishwa mahali pamoja, na tamasha lake lililoanza miaka ya themanini huwaweka wanafunzi mbele ya hadhira isiyowajua. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, chenye nguvu katika taarabu na kidumbaki, ila anayetaka uigizaji atalazimika kuutafuta kwingine. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha muziki na densi, na pia sanaa za maonyesho. Uliza mapema kama mwanafunzi wa upande mmoja huruhusiwa kufanya mazoezi na wa upande wa pili.

Wapo pia watakaosema shahada ni lazima, na pingamizi hilo lina uzito. Anayekusudia kufundisha katika shule za sekondari ya juu, ambako tangu 2026 Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu, atahitaji sifa zinazokubaliwa na tume ya walimu, TSC, na kwake chuo kikuu cha Kenya ndiyo njia nyoofu. Anayelenga jukwaa, au maonyesho ya hoteli za Diani, hataulizwa shahada siku ya usaili. Ataambiwa aimbe, acheze, kisha afanye vyote kwa pamoja. Cheti cha nje hata hivyo kisidharauliwe: hakikisha kinaweza kutambuliwa Kenya kabla ya kujisajili.

Kwenye fedha, hatari ni kuchukua msaada wa mwaka mmoja kwa masomo ya miaka mitatu, kwani mfadhili anaweza kuondoka katikati. Mgodi wa Base Titanium, uliokuwa ukiwafadhili wanafunzi wa Kwale, uliacha kuchimba mwishoni mwa 2024. DCMA yenyewe mwaka 2019 ilikaribia kufunga milango kwa kukosa wafadhili. Kwa hiyo mkopo wa serikali wa HELB, basari ya kaunti iitwayo Elimu ni Sasa na ahadi ya mfadhili vyote viulizwe kwa maandishi: vinalipia kozi hii, nchi hii, hadi muhula wa mwisho? Marekani, karo pekee katika vyuo binafsi vyenye sifa hufika dola 50,000 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 6 za Kenya, kabla ya chumba na chakula. Mwanamuziki Eric Wainaina alisoma Berklee, Boston, akarudi kuandika tamthilia za muziki hapa nyumbani, na faida tumeiona. Hata hivyo, kwa familia isiyo na ufadhili kamili, kuuza shamba la minazi kwa ajili ya safari hiyo ni kosa, kwa sababu kijana anaweza kujengwa kwanza karibu na nyumbani, kisha akaomba ng'ambo akiwa na kazi ya kuonyesha.

Mzazi, kabla hujalipa hata shilingi moja, omba ruhusa ya kuketi darasani siku ya kawaida, siku isiyo na tamasha wala wageni. Chuo kikikataa bila sababu ya maana, peleka pesa yako kwingine.