Bitana ya Mguu Bandia

Ukimkabidhi mtu mguu bandia autazame, atakagua unyayo kwanza, halafu ataligonga bomba kwa kidole asikie kama ni chuma au plastiki. Ni nadra kumwona akitia mkono ndani ya kikombe cha juu, ambacho mafundi hukiita soketi, pale kigutu kinapoingia. Fundi wa miguu bandia huanzia huko. Hupitisha vidole polepole juu ya bitana ya sponji, akitafuta mkunjo, ukingo uliosimama au tone la gundi lililoganda. Anajua kwamba mvaaji atabebwa na ngozi yake, na kwamba kati ya ngozi hiyo na plastiki ngumu hakuna kitu ila soksi na bitana yenye unene wa milimita 5 au 6.

Katika Bonde la Ufa la kati wanaohitaji kazi hii si wachache, na hakuna aliyepanga kuihitaji. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret inapita Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa na Sachangwan, majina ambayo Wakenya wameyazoea katika taarifa za ajali. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Magazeti huwahesabu waliokufa. Anayerudi nyumbani na mguu mmoja huhesabiwa na jamaa zake. Kuna pia ajali za bodaboda, na kuna ugonjwa wa kisukari, unaoua hisia za nyayo na kudhoofisha mwendo wa damu hadi kidonda kidogo cha kidole kinamgharimu mtu mguu. Hao wote, mkulima wa viazi wa Molo, dereva wa lori, mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, mwisho wa safari yao ni karakana ya hospitali, iwe mjini Nakuru au kule Kijabe kwenye ukingo wa bonde.

Tuchukue mguu uliokatwa chini ya goti. Fundi huketi mbele ya mgonjwa na kukipapasa kigutu kwa muda mrefu kabla ya kushika kifaa chochote. Hutafuta mfupa ulipo karibu na ngozi, nyama ilipo nene, kovu lilipong'ang'ania. Kisha hukivisha soksi nyembamba na kuchora juu yake kwa kalamu maalumu: duara kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, mstari kwenye ukingo wa muundi, alama kwenye ncha ya mfupa uliokatwa, alama nyingine kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Baada ya hapo huzungusha bandeji ya plasta iliyoloweshwa. Plasta ikianza kushika, huweka vidole gumba pande mbili za kano hiyo na vidole vingine nyuma ya goti, akabana na kutulia. Akitikisika, kipimo kimeharibika. Plasta ikikauka, huvuliwa ikiwa gamba tupu, na wino wa kalamu umehamia ndani yake. Gamba likijazwa uji wa plasta, hupatikana kigutu cheupe kilichosimama juu ya meza, kikiwa na alama zote mahali pake.

Hapo ndipo ninapouona ustadi wenyewe. Mtu asiyeijua kazi angedhani kwamba umbo hilo likifuatwa vilivyo, soketi itakaa vizuri. Sivyo. Soketi iliyo nakala kamili ya kigutu humuumiza mvaaji, kwa sababu mwili haubebi uzito sawasawa kila mahali. Kano iliyo chini ya pia ya goti huvumilia. Upande wa ndani wa mfupa wa muundi, pale unapopanuka karibu na goti, huvumilia pia, na nyama za nyuma husaidia. Lakini ukingo wa muundi hauvumilii, wala kichwa cha mfupa wa nje, wala ncha ya mfupa iliyokatwa kwa msumeno. Kwa hiyo fundi huchukua tupa na kulikwangua umbo mahali mwili unapoweza kubeba, ili soketi ibane hapo. Na huongeza plasta mahali mwili usipoweza, ili soketi iache nafasi. Ni milimita chache hapa na chache pale. Elimu ya mgawanyo huu wa mzigo iliwekwa katika utaratibu na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado inafundishwa. Hata hivyo, hakuna kitabu kinachomwambia fundi wa Nakuru ni kiasi gani hasa cha kumkwangulia mama huyu mwenye ngozi nyembamba. Hilo huamuliwa na mkono uliompapasa.

Kisha huja bitana. Bamba la sponji ngumu hukatwa, na kingo zake huchongwa kwa mshazari mpaka ziwe nyembamba kabisa, ili zikipandishwa na kugundishwa pasiwe na tuta linaloweza kuikwaruza ngozi. Huviringishwa likawa pia, hupakwa poda, hupashwa moto kwenye oveni mpaka lilegee, kisha huvutwa juu ya umbo la plasta kwa mkupuo mmoja. Nafasi ya kusita haipo, maana sponji hupoa upesi. Kofia ya sponji huongezwa kwenye ncha, nayo huchongwa mpaka kiungo chake kisihisiwe na kidole. Juu ya yote huja bamba la plastiki aina ya polipropilini, lililopashwa moto wa nyuzi 180 hivi hadi linang'aa na kuning'inia. Mafundi wawili hulibeba, hulifunika juu ya umbo, huliunganisha kingo, na mashine ya kufyonza hewa hulinyonya hadi lishike kila bonde na kila mwinuko. Njia hii ya polipropilini iliendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nchini Kambodia katika miaka ya 1990, kwa ajili ya watu wengi wa kipato kidogo waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini. Plastiki yake ni ya bei nafuu, haiogopi maji, na ikipashwa moto tena hukubali kurekebishwa.

Watu wa nchi za theluji wanaijua shida hii ya ngozi na plastiki ngumu kwa njia yao. Buti la kuteleza mlimani ni gamba la plastiki ngumu lenye bitana laini ndani, na wanaoshindana hutengenezewa bitana ya sponji inayofuata miguu yao wenyewe, kwa moto au kwa povu linalojazwa buti likiwa mguuni. Kanuni ni ileile: nje pawe pagumu ili nguvu isipotee, ndani pawe pamefuata mwili ili mtu aweze kuustahimili ugumu huo. Mteremkaji hulivua buti lake mbio zikiisha. Mama wa Subukia anauvaa mguu wake kutoka alfajiri hadi usiku, kwenye miinuko, na ndoo mkononi.

Ndiyo maana fundi mzuri huuliza maswali ya maisha. Unavaa kiatu gani? Kimo cha kisigino kikibadilika, mguu mzima huinama mbele au nyuma, kwa hiyo anayeshinda kwenye gambuti shambani hupangiwa mguu kwa gambuti, na anayeshinda dukani kwa kiatu chake cha dukani. Unakamua ng'ombe? Basi ukingo wa nyuma wa soketi ukatwe chini kiasi, ili goti likunjike bila kano kubanwa. Unasafiri kwa matatu? Ni ukingo uleule tena, maana mwenye kuketi safari nzima goti likiwa limekunjwa hataki plastiki imchome nyuma ya paja.

Siku ya kujaribu, fundi huweka kidonge cha udongo laini chini kabisa ya soketi. Mgonjwa akishasimama, kidonge hutolewa na kutazamwa: kikiwa hakijaguswa, kigutu hakijafika chini; kikiwa kimepondwa kabisa, kigutu kinagonga. Mgonjwa hutembea kati ya vyuma viwili, akageuka, akarudi. Anapovua, fundi huinama na kusoma ngozi. Wekundu kwenye kano ni habari njema, mradi upotee baada ya dakika chache. Wekundu kwenye ukingo wa muundi ni kazi ya kurudia. Akihitaji kuongeza kipande cha sponji, hukigundisha upande wa nje wa bitana, ili upande unaogusa ngozi ubaki laini. Wala hajibu malalamiko kwa kusema vipimo viko sawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika karakana hii anayelala ni mgonjwa. Neno lake ndilo kipimo cha mwisho.

Na kazi hiyo haiishi siku hiyo. Kigutu husinyaa, hasa katika mwaka wa kwanza, na hata kwa siku moja hubadilika: asubuhi soksi moja inatosha, alasiri mguu unaanza kucheza na inabidi kuongeza ya pili. Mtoto anayekua huhitaji soketi mpya mara kwa mara. Bitana huloa jasho, hivyo inataka sabuni na maji kila jioni na kukaushwa kivulini, mbali na jiko, kwa sababu moto ulioipa umbo ndio huohuo utakaoiharibu. Fundi huyafundisha haya yote kwa subira ileile aliyotumia kwenye tupa.

Elimu ya kazi hii tunayo hapa kwetu. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, hufundisha wataalamu hawa Nairobi, na ng'ambo ya mpaka, Moshi, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC kimewafunza mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya huduma hii mwaka 2017, na viwango hivyo vinamtaka mgonjwa afuatiliwe baada ya kupewa kiungo. Hapo ndipo pengo letu lilipo. Tunachanga fedha za mguu, tunapiga picha siku ya kukabidhi, kisha hatuweki hata nauli ya mgonjwa kurudi karakana. Mguu unaanza kuuma, unavuliwa, unawekwa uvunguni, na mwenyewe anarudia magongo.

Kwa hiyo, serikali za kaunti zinapopanga bajeti, na makanisa, misikiti na vyama vinapochangia, wahusika wahesabu mguu pamoja na ziara za kurudi, soksi, bitana mpya na mshahara wa fundi wa kuifanya kazi hiyo. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mguu bandia uliolala uvunguni kwa sababu uliuma, usidhani ulitengenezwa bure. Mpeleke mwenyewe karakana na mguu wake, pamoja na kiatu anachokivaa kila siku, mwonyeshe fundi mahali panapouma. Mara nyingi kinachohitajika ni kipande kidogo cha sponji kilichowekwa mahali pake.