Sekunde Tatu za Hasheem Thabeet

Kwenye viwanja vya saruji vya Dodoma, kama ilivyo kwingi nchini, kijana anayewazidi wenzake kimo huwekwa chini ya ringi na kuambiwa asibanduke. Kwa sheria za FIBA, ambazo ndizo zinazotumika Tanzania, hakosei: sekunde tatu huhesabiwa kwa mshambuliaji, si kwa anayelinda. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ni tofauti. Tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kuganda kwenye eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu.

Msimu huohuo Grizzlies, timu ya NBA ambayo baadaye ingemchagua Thabeet, ilihama. Grizzlies ilizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 1995, ikapoteza mechi 67 kati ya 82 katika msimu wake wa kwanza, kisha 2001 ikahamia Memphis. Huko ilifika hatua ya mtoano mara tatu mfululizo, 2004 hadi 2006. Ilicheza mechi 12, ikafungwa zote 12.

Juni 2009 Memphis ikamchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa pili katika drafti nzima, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya nyota wa baadaye James Harden na Stephen Curry. Haikuwa bahati nasibu. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, kijana huyo wa mita 2.21 alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi, tena alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Lakini kanuni za vyuo vya Marekani zilimruhusu kuilinda ringi bila kuondoka. Alipofika NBA alilazimika kutoka, kumfuata mtu, kurudi, kutoka tena. Kwa mchezaji aliyechelewa kuuanza mchezo, mwendo huo wa miguu ulihitaji miaka ya mazoezi, si miezi. Hata hivyo, katika msimu wa kwanza alizuia wastani wa mtupo 1.3 ndani ya dakika 13 tu. Hiyo si takwimu ya mtu asiyejua kazi.

Tatizo jingine lilikuwa Marc Gasol. Alicheza nafasi ileile ya senta, na alijua kukaba kwa kusoma pasi kabla haijatoka mkononi. Dakika za Thabeet zikapungua. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, kwenye ligi ya chini.

Mwaka mmoja baadaye, Rudy Gay akaumia bega na Memphis ikabaki bila mchezaji wa pembeni wa kutegemewa. Tarehe 24 Februari 2011, Thabeet akapelekwa Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll, na Memphis ikampata Shane Battier. Hapa ndipo ufundi ulipo. Battier hakuwa mrefu wa kutisha wala mfungaji mkubwa, ila alikaba kwa akili na alifunga pointi tatu kutoka kona. Mlinzi wake akitoka kumfuata huko, eneo la ndani linabaki wazi kwa Zach Randolph na Gasol.

Aprili 17, 2011, Memphis iliyoshika nafasi ya nane iliikabili San Antonio Spurs, vinara wa kanda ya magharibi. Randolph alifunga pointi 25, Gasol 24. Zikiwa zimesalia sekunde zisizofika 24, Memphis ikiwa nyuma, mpira ukamfikia Battier, naye akafunga pointi tatu. Mechi ikaisha 101 kwa 98: ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya timu. Siku 12 baadaye Spurs wakang'olewa kwa mechi 4 kwa 2.

Wengi huorodhesha jina la Thabeet kati ya makosa makubwa ya drafti. Kwa Memphis yenyewe hesabu hiyo ina pengo, kwa sababu bila Mtanzania huyo wa kubadilishana, Battier asingekuwepo kutupa ule mpira.

Thabeet aliendelea Portland, Oklahoma City, kisha Japani na Taiwan. Mwaka 2025, akiwa na miaka 38, alivaa jezi ya Dar City, kwenye ligi ambayo mlinzi anaweza kusimama chini ya ringi bila mwamuzi kumhesabia.