Kila Saa Mpeleke Nje: Ian Dunbar na Sayansi ya Choo cha Mtoto wa Mbwa

Muulize mtu yeyote namna ya kumfundisha mtoto wa mbwa asijisaidie ndani, na mara nyingi utapata moja kati ya majibu mawili. La kwanza: mkamate, mpeleke pale alipokojoa, msugue pua kwenye mkojo wake, kisha mtupe nje. La pili: mwache tu, akikua ataacha mwenyewe. Majibu yote mawili ni ya zamani, na yote mawili hayaendani na tunachokijua kuhusu namna mbwa anavyojifunza.

Ndiyo maana nimeona tukisome pamoja kitabu kimoja kinachotoa jibu la tatu: *Before and After Getting Your Puppy* cha Ian Dunbar. Kilitoka mwaka 2004, kikiunganisha vitabu vyake viwili vifupi vya mwaka 2001. Dunbar si mtu wa kubahatisha. Alisomea udaktari wa mifugo Royal Veterinary College, London, akaenda kufanya shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na huko alichunguza jinsi mbwa wanavyopashana habari kwa harufu. Yaani, kwa lugha nyepesi, alisomea mkojo wa mbwa. Mwaka 1993 akaanzisha chama cha wakufunzi wa mbwa, Association of Pet Dog Trainers. Mtu wa namna hii tuna haki ya kumdai zaidi kuliko tunavyomdai jirani.

Anachosema

Kitabu kimepangwa kwa tarehe sita za mwisho. Kila hatua ya makuzi ina ukomo wake, na mwenye mbwa anatakiwa awahi. Suala la choo liko kwenye tarehe ya tatu, ambayo ni siku ileile mtoto wa mbwa anapoingia nyumbani. Si wiki ijayo. Leo.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Ukiwa nyumbani lakini huwezi kumtazama, mtoto wa mbwa anakaa kwenye kizimba kidogo cha kulalia. Kila saa unamtoa, unamfunga kamba, unamkimbiza hadi mahali ulipopachagua pawe choo, unasimama tuli na kumpa dakika tatu. Akijisaidia, hapohapo anapata vitafunwa vitatu na sifa nyingi, halafu anaruhusiwa kucheza au kutembea. Asipojisaidia, anarudi kizimbani kwa saa nyingine. Ukiwa unatoka kwa muda mrefu, unamwacha kwenye chumba au uzio mdogo wenye kitanda, maji, vitu vya kutafuna, na choo kwenye kona iliyo mbali kabisa na kitanda.

Alipopatia

Kwanza, Dunbar anakataa kuligeuza suala hili kuwa la heshima. Mbwa anayekojoa sebuleni hajakudharau. Amefanya jambo la kawaida kabisa kwa kiumbe hai, ila mahali pasipofaa. Ukilitazama hivyo, swali linabadilika. Huulizi tena "nimkomeshe vipi?" bali "nimwonyeshe vipi mahali?" Hilo la pili lina jibu.

Pili, anaelewa kwamba kazi kubwa ni kutabiri. Ukijua atataka kujisaidia saa ngapi, utakuwa naye mahali sahihi kwa wakati sahihi, na zawadi iko mkononi. Kizimba kinasaidia kwa sababu mtoto wa mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo anajizuia kidogo, na ukimtoa anakuwa tayari. Ongeza na jambo ambalo kila mfugaji ameliona: tumbo likipokea chakula, utumbo mpana unaanza kusukuma. Baada ya kula, baada ya kuamka, baada ya kucheza: hizo ndizo nyakati.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, anatuambia matembezi yaje *baada* ya haja. Watu wengi hufanya kinyume. Wanamtembeza mbwa, na akishajisaidia tu, safari imekwisha, turudi ndani. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mbwa. Amejifunza nini? Kwamba kujisaidia ndiko kunakomaliza raha. Basi atabana kadiri awezavyo, na akifika ndani, zulia linapata taabu. Hapa adhabu imetolewa na mtu asiyejua kabisa kwamba anaadhibu.

Sayansi ambayo kitabu hakituonyeshi

Sasa tuje kwenye lawama. Dunbar anatoa amri nyingi nzuri, lakini mara nyingi anaficha sababu. Chukua ushauri wake kwamba choo cha ndani kifanane na choo cha baadaye: kama mbwa atajisaidia kwenye majani, weka majani, kama atajisaidia kwenye saruji, weka kipande cha saruji. Kwa nini?

Jibu linatoka kwenye kazi ya John Paul Scott na John Fuller, walioichapisha mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kulea mbwa wa aina tano katika maabara ya Jackson, Bar Harbor, jimbo la Maine. Mtoto wa mbwa mchanga hawezi hata kujisaidia mwenyewe. Mama ndiye anayemlamba ili haja itoke, na mama ndiye anayesafisha. Akifika wiki ya tatu hivi, anaanza kutoka kwenye malalo yake kwenda kujisaidia pembeni. Na kufikia kama wiki ya nane na nusu, tayari ana sehemu anazozipendelea. Mguu wake umezoea kukanyaga kitu fulani wakati wa haja, na kitu hicho ndicho atakachokitafuta.

Linganisha na umri ambao watoto wa mbwa wengi huhamia nyumba mpya: wiki ya nane. Yaani unampokea katika wakati uleule anapochagua sakafu ya choo chake! Ukimtandikia gazeti kwa miezi miwili, usishangae akilipitia gazeti lako la Jumapili ulilolisahau chini. Hajakosea, amefanya ulichomfundisha.

Msomaji akipewa sababu hii anaweza kujiongeza mwenyewe. Anayeishi ghorofani ataweka beseni la mchanga au udongo kwenye veranda. Mwenye uwanja ataanza na uwanja siku ya kwanza. Asiyepewa sababu atabaki kutafuta majani ya bandia dukani, akiyakosa anakata tamaa. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nyumba ya Marekani yenye zulia ukuta hadi ukuta, na hilo si kosa. Lakini kanuni ikielezwa husafiri, na amri peke yake husafiri kwa shida.

Namba zinazogongana

Lawama ya pili ni ya namba. Dunbar anaandika kwamba mtoto wa mbwa ana uwezo wa kibofu wa dakika 45 akiwa na wiki tatu, dakika 75 akiwa na wiki nane, dakika 90 akiwa na wiki 12, na saa mbili akiwa na wiki 18. Wakati huohuo kuna kanuni nyingine inayorudiwa kila mahali na wakufunzi: hesabu umri kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana. Piga hesabu. Mtoto wa miezi miwili, kwa kanuni hii, anabana saa tatu. Kwa Dunbar anabana saa moja na robo. Wa miezi minne: saa tano kwa upande mmoja, saa mbili kwa upande mwingine.

Hii si tofauti ndogo. Mtu anayekwenda kazini akiamini ya kwanza atarudi akute bwawa, halafu atamkasirikia mbwa kwa kuvunja ahadi ambayo mbwa hakuitoa.

Nadhani namba hizi mbili zinajibu maswali tofauti. Moja inazungumzia kila baada ya muda gani mtoto wa mbwa aliye macho atahitaji kutoka. Nyingine inazungumzia muda mrefu kabisa anaoweza kuvumilia, hasa akiwa amelala. Lakini Dunbar hatuambii kipimo chake kilipimwaje, na wale wa kanuni ya "ongeza moja" nao hawatuambii. Mtafiti aliyepata shahada kwa kuchunguza mambo haya angeweza kuongeza sentensi mbili tu za maelezo. Kwa vitendo, ushauri wangu ni ufuate namba ndogo. Ukimtoa mapema mno umepoteza dakika tatu, ukichelewa amepata zoezi moja zaidi la kukojoa ndani.

"Bila kosa", na nani anabeba mzigo

Dunbar anauita mfumo wake ufundishaji bila kosa. Anaonya kwamba kosa moja huzaa lingine, kwa kuwa linaanzisha mazoea. Kimsingi yuko sahihi: tabia inayorudiwa hukaa. Lakini sauti ya kitabu ni ya king'ora. Kila ukurasa kuna dharura, kila siku kuna tarehe inayokupita. Utaratibu wa kila saa unahitaji mtu mzima aliyeko nyumbani mchana kutwa, na uzio wa muda mrefu ni suluhisho zuri kwa asiyekuwepo, ila msomaji aliyeshatishwa anaweza kuuona kama njia ya walioshindwa. Si hivyo. Kwa mwanafunzi au mfanyakazi, uzio wenye choo ndio mpango wenyewe.

Na kosa likitokea? Hapa ndipo ningetaka kurasa zaidi, maana hapa ndipo pua zinaposuguliwa. Utetezi mkubwa wa adhabu ni huu: "Anajua kabisa alichofanya, mtazame uso wake." Mwaka 2009 Alexandra Horowitz alilipima hilo kwa mbwa 14. Wenye mbwa waliwakataza kula kitafunwa, wakatoka chumbani, na waliporudi waliambiwa mbwa alikula au hakula. Taarifa hiyo haikuwa ya kweli kila mara. Matokeo: ule uso wa hatia haukutegemea kama mbwa ametenda kosa. Ulitegemea kama mwenyewe alimkaripia. Mbwa wasio na hatia waliokaripiwa ndio walionyesha uso huo zaidi. Tunachokiita majuto, basi, ni mbwa anayejibu hasira yetu.

Fuata hatua kwa hatua. Mtoto wa mbwa alikojoa saa nne, wewe umerudi saa sita. Kwake adhabu haiunganiki na mkojo wa saa mbili zilizopita, inaunganika na wewe kuingia mlangoni. Hata ukimkamata palepale, anachoweza kujifunza ni kwamba kujisaidia *mbele ya mtu* ni hatari. Kuanzia hapo atajificha nyuma ya kochi, na ukimpeleka nje kwa kamba hatajisaidia kwa sababu upo. Umeharibu nafasi yako pekee ya kumpa zawadi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2004, ulioongozwa na Elly Hiby na kuhoji wenye mbwa 364, ulikuta kwamba waliotumia zawadi walieleza utii zaidi, na matumizi ya adhabu yaliendana na matatizo mengi zaidi ya tabia. Ni utafiti wa maswali, hauthibitishi kipi kimesababisha kipi, lakini unaelekea kulekule.

Kinachokosekana kwetu

Hoja kuu ya Dunbar ni zulia na amani ya nyumba. Sisi tuna sababu nyingine, na nzito. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari na minyoo aina ya Toxocara, waliyoipata tumboni mwa mama. Mayai yake hutoka na kinyesi, na huhitaji kama wiki mbili hadi nne ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Pale mbwa anapojisaidia uani kokote, na watoto wanacheza mchanga uleule, mahali pamoja palipochaguliwa na kinyesi kinachookotwa kila siku ni afya ya familia.

Pia kuna hatima ya mbwa mwenyewe. Dunbar anasema wazi kwamba uchafuzi wa ndani huwapeleka mbwa wengi kwenye makazi ya wanyama waliotelekezwa. Pasipo na makazi hayo, mbwa aliyeshindikana hufungwa mnyororo au huachwa barabarani, na mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumpeleka chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa hiyo kumfundisha choo wiki ya kwanza ni sehemu ya kumfanya abaki kuwa mbwa wa mtu.

Hukumu

Kisome. Ukipuuza king'ora chake, ni mwongozo bora kuliko vingi, na unasimama juu ya biolojia ya kweli hata pale mwandishi anapokataa kuionyesha. Vifaa vyake vina mbadala: kizimba kinaweza kuwa boksi imara lenye matundu na nafasi ya kugeuka, na maini yake makavu yanaweza kuwa dagaa wasio na chumvi. Chagua mahali pamoja, mtoe kila saa akiwa macho, mlipe ndani ya sekunde na si ukisharudi jikoni, kisha mchezeshe. Akikosea, futa, osha vizuri harufu iishe, usitumie sabuni yenye amonia maana inanukia kama mkojo, na saa ijayo mtoe dakika kumi mapema zaidi.