Kapoeira ya Elena na Kapoeira ya Eddy Gordo

Katika mwaka 1997 makampuni mawili ya Kijapani yanayoshindana katika biashara ya michezo ya elektroniki yalitoa michezo miwili ya kupigana ambayo wapenzi wa fani hiyo wangali wakiilinganisha. Capcom ya Osaka ilitoa Street Fighter III: New Generation, Namco ya Tokyo ikatoa Tekken 3. Katika kila mmoja alikuwamo mhusika mpya apiganaye kwa kapoeira, sanaa ya Wabrazili iliyo nusu vita na nusu ngoma. Mhusika wa Namco, Eddy Gordo, ni Mbrazili. Mhusika wa Capcom, Elena, ni Mkenya.

Kwa kuwa mmoja wa hawa wawili amehesabiwa kuwa ni wa kwetu, nasi tumezoea kupokea kwa furaha kila jina la Afrika Mashariki litajwalo ng'ambo, yafaa tuulize kwa makini amepewa nini hasa. Lakini swali hilo halijibiwi kwa kutazama picha peke yake. Mhusika wa mchezo wa namna hii si sanamu. Yeye ni kifungu cha matendo ambayo mchezaji huyaita kwa vidole vyake, na matendo hayo yana kanuni zake za kuungana, kama viambishi vinavyoungana na mzizi wa kitenzi. Atakayemhukumu kwa nguo zake tu amesoma jalada akakiacha kitabu.

Tuanze basi na vitufe. Mashine ya Street Fighter ina vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, na kila kundi limepangwa kwa uzito, yaani pigo jepesi, pigo la kadiri, na pigo zito. Tekken ina vitufe vinne tu, na kila kimoja ni kiungo cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Tofauti hii yaonekana ndogo, nayo ndiyo asili ya tofauti nyingine nyingi. Katika Street Fighter mchezaji huchagua ukali wa pigo na kumwachia mchoraji aamue ni kiungo gani kitakachopiga. Katika Tekken huchagua kiungo, na ukali hutokana na mfuatano.

Sasa mtazame Elena. Vitufe vitatu vya ngumi anavyo, kwa sababu mfumo wamtaka awe navyo, lakini ngumi hana. Kila pigo lake ni la mguu au la goti. Hata anapomkamata adui na kumtupa humtupa kwa miguu. Mchezaji abonyezapo ngumi nzito huona unyayo ukipita hewani. Wanafunzi wa Saussure hawatashangaa: thamani ya alama haitokani na jina lake, bali na nafasi yake kati ya alama nyingine. Mchezaji baada ya saa moja husahau kabisa kwamba kile kitufe chaitwa cha ngumi. Hukijua kuwa ni teke fupi lifikalo mapema, na chenziye kuwa ni teke refu lichelewalo. Kwa njia hiyo Capcom iliweza kumpa mhusika mmoja tabia isiyo na mfano katika kundi lake lote bila kuuvunja mfumo hata mahali pamoja.

Eddy alipatikana kwa njia nyingine. Mwendo wake haukuchorwa kwa mkono. Mwalimu wa kapoeira Mbrazili, Marcelo Pereira, aliigiza mapigo na mienendo ikanakiliwa kwa mitambo, kisha ikavikwa umbo la Eddy. Kwa hiyo kila azungukapo juu ya viganja vyake twaona uzito wa mtu wa kweli, bega likipokea mwili na nyonga ikifuata. Husimama kichwa chini miguu juu, na akiwa hali hiyo kitufe cha mguu wa kushoto hakibadiliki: bado ni mguu wa kushoto. Hulala chini kama aliyeshindwa, na kutoka hapo hapo akapiga ngwala. Kwa ukweli wa mwili Elena hamfikii, wala hakukusudiwa kumfikia. Yeye ni kazi ya kalamu, picha baada ya picha, na mwili wake ni mrefu na mwepesi kupita mwili wowote upatikanao duniani.

Walakini mwili wa kweli si mchezo wa kweli. Katika vibanda vya michezo hii, kwetu na kwingineko, Eddy ana sifa ambayo hakuna mpenzi wa Tekken asiyeijua: mtu asiyejua lolote akimchagua, akabonyeza vitufe viwili vya miguu hovyo hovyo, hupata mfuatano mzuri wa kuzunguka na kupepea, na mara nyingi humshinda aliyejifunza kwa mwezi mzima. Sababu ni kwamba karibu kila mpangilio wa vitufe hivyo umepewa jambo la kutokea. Sisi wenye kazi ya lugha twaweza kuutambua upungufu huu upesi. Mgeni akichukua viambishi vya neno *aliponiona* akavipanga apendavyo, hatapata neno. Na kwa kuwa hatapata neno, yule anayevipanga sawasawa husikika kuwa anasema kitu. Lugha ambayo kila kosa lake ni sentensi fasaha haiwezi kumtofautisha msemaji na mpiga kelele. Ni kweli kwamba mabingwa wa Tekken wanajua mahali pa kumkomesha Eddy: hujua ni pigo lipi la chini la kukingwa kwa kuchutama, na baada ya pigo gani hubaki upenyo. Lakini huo ni ustadi wa adui yake. Mwenye kumchezesha Eddy halazimishwi ustadi huo mpaka amepanda daraja za juu.

Street Fighter III, kinyume chake, ina kanuni moja iliyo ngumu kupita zote za mfululizo huo. Kwa desturi mpiganaji hujikinga kwa kuusukuma usukani nyuma. Katika mchezo huu anaweza pia kuusukuma mbele, kulielekea pigo lenyewe, wakati ule ule linapomfikia. Au chini, kama pigo ni la chini. Akipatia, pigo hupotea bila kumdhuru na zamu huwa yake. Akikosea hata kidogo, limempata. Wengi waliona maana yake mwaka 2004, huko Marekani katika mashindano ya Evo, pale Daigo Umehara aliyebakiwa na uhai mdogo kabisa alipoyapokea kwa namna hiyo mapigo kumi na matano ya Justin Wong mfululizo, akashinda. Mchezo wao ulikuwa ni 3rd Strike, toleo la tatu la mchezo huu huu, la mwaka 1999. Kanuni hii huwabana wanaopigana na Elena na huwabana wanaomchezesha, maana mateke yake hayaji kwa kipimo kimoja: moja hupiga mara mbili, jingine hukawia, na hata asipopiga mwili wake hauachi kuyumba. Anayetaka kumpokea hana budi kuusikia mwendo wake. Hapo, naona, kalamu ya Capcom imelifikia jambo ambalo mitambo ya Namco ililipita: kwamba kapoeira kwanza ni wakati, kisha ni miguu.

Wabrazili hawasemi kwamba wanapigana kapoeira, bali husema wanaicheza, na katika hili Kiswahili kina bahati kuliko lugha nyingi zilizoandika juu ya sanaa hiyo. Kitenzi chetu *kucheza* kinashika pamoja karata, mpira na ngoma. Atakayesema kwa Kiswahili kwamba watu wawili wanacheza kapoeira hatalazimika kuchagua kama wanashindana au wanacheza ngoma. Lugha imekwisha kumkatalia kuvitenga. Uwanja wa kapoeira ni duara la watu, waimbaji na wapiga makofi, na upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu ndio unaoamuru kasi. Hakuna kibao cha uhai kinachopungua, wala kuanguka si mwisho. Michezo yote miwili ya mwaka 1997 imelitupa duara na kuuacha upinde. Muziki hupigwa, lakini haumwamuru mtu. Katika jambo hili hakuna aliyemzidi mwenzake, nami sidhani kwamba mashine za wakati ule zilikuwa ndizo kizuizi.

Sasa tuje kwenye Kenya ya Elena. Ni binti wa mkuu wa watu wa mbugani, na uwanja wake wa nyumbani ni mbuga. Huenda miguu mitupu, nywele zake ni nyeupe, macho yake ya buluu, na shingoni, mikononi na miguuni amevaa pete za rangi nyingi. Mapigo yake yamepewa majina ya Kiingereza, na katika hayo mna Pembe la Kifaru na Mkia wa Lynx. Kifaru tunaye. Lynx hasa ni mnyama wa Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini. Wa kwetu amfananaye masikio ni simbamangu, ambaye kwa Kiingereza ana jina lake jingine. Kosa dogo, nalo huonyesha jinsi nchi ilivyotazamwa: kama ghala la wanyama ambamo mnyama yeyote wa porini anafaa.

Kubwa zaidi ni hili. Katika mchezo ule ule wa mwaka 1997 yumo Mbrazili, kijana Sean, ambaye hupigana kwa mtindo wa Kijapani aliojifunza kwa Ken. Basi Mbrazili amepewa karate na Mkenya amepewa kapoeira. Watetezi husema kwamba kapoeira asili yake ni Afrika. Ni kweli kwamba iliundwa Brazili na watu waliochukuliwa utumwani kutoka bara hili; lakini wengi wao walitoka Angola, Kongo na pwani ya Guinea, na waliovushwa kutoka upande huu wa bahari walitoka zaidi Msumbiji. Kuirudisha Kenya kwa hoja hiyo ni kulifanya bara zima kijiji kimoja. Na kama Capcom ilitaka mchezo wa Kenya ulio vita na ngoma kwa pamoja, Lamu upo, nao ni kirumbizi: watu wawili wenye fimbo huingia katikati, zumari na ngoma zikilia, wakashambuliana na kukingana kwa madaha mbele ya umati. Kirumbizi ni mchezo wa wanaume, nalijua hilo. Lakini wenye kumpa binti nywele nyeupe na macho ya buluu wasingeshindwa na jambo hilo.

Eddy kwa upande huu yuko salama zaidi. Amezaliwa katika nyumba ya kitajiri. Baba yake ameuawa. Kijana akakubali kubeba lawama ili ajifiche gerezani, na humo mzee mmoja akamfundisha kapoeira miaka minane. Ni hadithi ya kisasi iliyochakaa, lakini inaeleza sanaa ile ilimfikiaje, na mwalimu aliyenakiliwa ni wa nchi ile ile. Elena hana maelezo ya namna hiyo. Amerudi mwaka 2014 katika Ultra Street Fighter IV na mwaka 2025 katika Street Fighter 6, Mkenya vile vile, na mwenye kapoeira vile vile.

Mwaka 2012 Capcom iliwakutanisha wapiganaji wa koo zote mbili katika Street Fighter X Tekken. Eddy hakuitwa, aliitwa mwanafunzi wake, Christie Monteiro, akaja kukabiliana na Elena. Mchezo ulitumia vitufe sita, kwa hiyo Christie alifasiriwa kutoka lugha ya viungo kwenda lugha ya uzito, na katika tafsiri hiyo mguu wake wa kushoto na wa kulia haukuwa tena na kitufe chake. Namco nayo ilikuwa imetangaza mwaka 2010 kwamba itatoa mchezo wa kujibu, wenye vitufe vinne vya Tekken. Haukutoka. Kwa hiyo hatukupata kuona vitufe viwili vya mikono vingepewa kazi gani na mhusika ambaye mikono haipigi.