Kulinganisha Pembe kwa Jicho

Asimamaye gatini Kilwa Masoko wakati maji yamejaa, akayatazama majahazi na mashua yaliyotia nanga upande wa kuelekea Kilwa Kisiwani, hukuta somo zima la pembe limetandazwa mbele yake: foromali ya jahazi ni ndefu, ya mashua ni fupi, na jicho lisilozoezwa huhukumu papo hapo kwamba pembe iliyo baina ya foromali na mlingoti katika jahazi ndiyo kubwa, ilhali pengine zimelingana, au ile ya mashua imezidi. Urefu wa mikono, yaani mistari miwili iifanyayo pembe, haumo kabisa katika ukubwa wake, na juu ya hayo ndio unaoyahadaa macho kuliko kitu kingine chochote.

Hadaa hiyo ndiyo inayowashinda wengi katika mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari wa meno huko Marekani, ambamo sehemu ya utambuzi wa macho ina maswali 90 kwa dakika 60, na 15 katika hayo humtaka mtahiniwa azipange pembe 4 tangu ndogo hata kubwa, pasi na kipimapembe. Dawa yake ni kuisahau mikono, kuituliza nadhari kwenye kipeo, mahali mistari inapoachana, kisha kuutazama mwanya kwa umbali uleule katika kila pembe.

Kanuni hii si ngeni katika bahari yetu. Manahodha wa zama za Ahmad bin Majid, yule mwalimu wa karne ya 15 aliyeitungia urjuza, yaani shairi la mafunzo, njia ya Sofala, walipima kimo cha nyota kwa isba, yaani wanda, kila isba ikiwa sehemu 1 katika 224 za duara. Na kwa kuwa Jaa, nyota ya kaskazini, haionekani Kilwa, iliyo nyuzi 9 kusini mwa ikweta, waliziangalia nyota nyingine za upande huo, Farqadan na zile za Naash. Kipeo cha pembe ile kilikuwa jicho la nahodha mwenyewe, na vidole vilifaa kwa kipimo kwa sababu moja tu: mkono ulinyooshwa daima kadiri ileile. Aliyekunja kiwiko alipata kimo cha uongo.

Tukirudi kwenye mtihani, kuitambua pembe iliyo ndogo kabisa na iliyo kubwa kabisa, kisha kuyafuta majibu yasiyoafikiana nazo, ni kazi nyepesi, wala sitaieleza kwa urefu. Mashaka yako katika pembe butu, maana jicho huhisi tofauti kwa uwiano: nyuzi 4 baina ya 140 na 144 ni kiasi cha sehemu moja katika 35, na hupita bila kuonekana. Basi liache tumbo la pembe, urefushe mkono mmoja kwa fikra hata upite kipeo, ulinganishe kilichopungua kutimiza mstari ulionyooka. Hapo ni 40 kwa 36, na tofauti ileile sasa ni sehemu moja katika 10. Naipenda njia hii kuliko zote. Nayo yaweza kuzoezwa Husuni Kubwa, hukohuko Kilwa Kisiwani, kwenye birika la pembenane la kasri inayonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman: katika pembenane iliyo sawia kila kona ni nyuzi 135, na kipungufu chake ni 45, nusu kamili ya pembe mraba, ambayo hata macho ya mtoto huijua.