Mgeni Ndiye Kipimo

Fundi alishika ncha moja ya mpira, kijana wake akashika ncha ya pili, na maji yaliyokuwa ndani yakapanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia. Ulikuwa mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, kama ile inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanga, Kigoma mjini. Kabla ya kupima chochote aliuinua juani, akaukagua shubiri kwa shubiri akitafuta viputo vya hewa, maana kiputo kimoja kikibaki ndani usawa wote unaharibika. Akakiona kimoja. Akaugongagonga mpira kwa ukucha mpaka kikapanda taratibu na kutoka. Ndipo akasema, "Haya, weka alama."

Nilikaa nusu siku chini ya kivuli nikimtazama. Kazi aliyopewa ilikuwa kujenga njia ya mteremko kwenye mlango wa jengo moja lenye ngazi tatu, ili mtu wa kiti mwendo aingie bila kubebwa. Wapita njia waliona rundo la mchanga na mifuko ya saruji tu. Mimi nilianza kuona hesabu. Kila ngazi ilikuwa na sentimita 15, kwa hiyo kimo chote ni sentimita 45. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa nchi nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Zidisha, unapata sentimita 540. Mwenye jengo alikuwa amemtengea mita mbili.

Fundi hakubishana. Alichukua kijiti akachora kwenye udongo mwekundu: njia itoke mlangoni, ifuate ukuta, ifike mahali pa kupumzikia palipo tambarare, kisha ikunje kona na kumalizia safari yake upande wa pili. Urefu ule ule, ila umekunjwa kama mkeka. "Mita mbili zinatosha kushusha pikipiki," alimwambia mwenye jengo kwa upole. "Mtu anayejisukuma kwa mikono atarudi kinyumenyume."

Kisha akafanya jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Alimwita kijana mmoja anayefanya biashara karibu na pale, ambaye huenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa kuzungusha pedeli kwa mikono. Akamwomba ageuze baiskeli yake juu ya udongo uliolainishwa kwa maji. Kijana akageuza. Magurudumu yakachora duara, na fundi akapiga magoti kulipima kwa tepu. Vipimo vilivyozoeleka vinasema kiti mwendo kinahitaji uwazi wa sentimita 150 ili kigeuke. Duara la baiskeli ile lilizidi hapo kwa mbali, kwa kuwa ni ndefu kuliko kiti mwendo. Fundi akafuta mchoro wake wa kona na kuchora mwingine, mpana zaidi. "Kitabu kimepima kiti," alisema. "Huyu ndiye atakayepita hapa."

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kufungua jengo kwa watu wenye ulemavu ni ufundi kamili, kama useremala au ufumaji wa nyavu, wenye kipimo chake. Seremala anapima mbao, mshonaji anapima nguo kwenye mwili wa mteja. Fundi wa kazi hii anapima jengo zima kwa mwili wa mtu mwingine: urefu wa mkono wake, upana wa magurudumu yake, kile anachosikia, kile kidole chake kinachoweza kutambua. Na hakuna mahali mkoani kwetu ninapotamani ufundi huu kama Ujiji.

Ujiji iko kilomita chache kusini mwa Kigoma mjini. Hapo ndipo ilipoishia njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ambayo Tanzania iliiingiza mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyaombea hadhi ya Urithi wa Dunia. Hapo pia ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone, kwa tarehe aliyoiandika mwenyewe, 10 Novemba 1871. Mwembe waliokutania chini yake ulikufa zamani. Leo pana jiwe la ukumbusho, makumbusho yenye sanamu za hao wawili wakisalimiana, na miembe ambayo wenyeji husema imetokana na ule wa kwanza.

Watu husahau kwamba mzee anayekumbukwa pale aliishi na ulemavu. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimvamia Livingstone na kumvunja mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Mfupa ukaunga vibaya, na kwa miaka 29 iliyobaki ya maisha yake mkono ule haukuinuka tena ipasavyo. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, na ulipofikishwa London mwaka uliofuata, madaktari waliutambua kwa mfupa ule ule uliounga vibaya. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Anayekwenda Ujiji kwa magongo anamtembelea mtu ambaye naye alijua mwili unaogoma ni kitu gani.

Kwenye eneo la kumbukumbu fundi anawatumikia wawili: mgeni anayekuja leo na kitu cha kale kilichotangulia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kile cha kale. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamlinda mgeni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unayataja makumbusho na maeneo yenye umuhimu wa kitamaduni kwa taifa. Kinachobaki ni mikono ya kuifikisha haki hiyo mpaka mlangoni. Fundi mzuri hatoboi ukuta wa zamani ili kufunga njia yake. Hutengeneza njia ya mbao au chuma inayokaa kando ya ukuta, ambayo siku ikiondolewa haiachi kovu. Chini ya mwembe hakati mizizi. Hupandisha njia kidogo juu yake kwa changarawe iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu, akijua kwamba kokoto zilizomwagwa tu humeza magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo. Kandokando huweka ukingo wa kimo cha kiganja ili gurudumu lisitoke njiani. Reli ya kushikia huiweka pande zote mbili, kwa kuwa aliyepooza upande mmoja ana mkono mmoja tu wa kumsaidia, na mkono anaoutumia akipanda ndio huo huo anaouhitaji akishuka. Na hairuhusu ikomee pale mteremko unapokoma. Huirefusha sentimita 30 zaidi, ili mkono wa asiyeona uambiwe mapema kwamba ardhi inakaribia kuwa sawa.

Mikono ina ufundi wake pia. Mwaka jana nilikwenda Ujiji na rafiki yangu asiyeona, mwalimu mstaafu. Lile jiwe la ukumbusho limechongwa ramani ya Afrika. Mwalimu aliweka viganja vyote viwili juu yake na kukaa kimya. Nilidhani ataanza katikati. Alianza pembeni, vidole vikifuata ukingo wa bara zima, kisha ndipo vikaingia ndani. Aliniambia baadaye kwamba ndivyo kidole kinavyosoma: kwanza kinataka kujua kitu kinaishia wapi.

Nikamuuliza ziwa letu angependa kulisoma vipi. Tukaanza kupiga hesabu pale pale. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Ukilichonga kwenye ubao, kila kilomita 10 ziwe sentimita moja, unapata ziwa la sentimita 67, refu na jembamba kama samaki, linalokaa vizuri kati ya mikono miwili iliyonyooshwa. Lakini kina, kwa kipimo hicho hicho, kinakuwa milimita moja na nusu. Moja ya maziwa yenye kina kikubwa kuliko yote duniani linakuwa mkwaruzo tu. Hapo mchongaji anapaswa kuamua. Akizidisha kina mara 20, kinafika sentimita tatu, na kidole kikitoka ufukweni kinazama kweli, kama jiwe lililotupwa kutoka kwenye boti. Ramani imeacha usawa wa namba ili ishike ukweli wa ziwa. Mafundi boti wa ufukwe wa Ujiji, wanaojua kuupinda ubao mpaka ukubali maji, wangeifanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine.

Maelezo ya nukta nundu nayo yana adabu zake. Nukta sita kwa kila chumba cha herufi, kila nukta ikiinuka kwa nusu milimita hivi, na bango lilazwe kwa mteremko usawa wa kiuno, si kusimamishwa ukutani ambako kifundo cha mkono kitachoka kabla ya sentensi kuisha. Wenye uoni hafifu, wakiwamo ndugu zetu wenye ualbino, wanahitaji herufi kubwa nyeusi juu ya rangi isiyong'aa, na kioo kisichorudisha mwanga machoni. Shule ya Kabanga, kule Kasulu, mkoani kwetu hapa hapa, imelea watoto wengi wa namna hiyo. Kabati la vioo likiwekwa mahali ambapo jua la saa nne linaligonga, mtoto wa Kabanga ataondoka bila kuona kilichomo. Likisogezwa hatua mbili, ataona kila kitu. Na kiziwi anataka mwanga huo huo umwangukie mkalimani wa lugha ya alama usoni na mikononi. Mkalimani akisimama dirishani huku mwanga ukitoka nyuma yake, amejigeuza kuwa kivuli.

Ufundi ninaousujudia kuliko wote hauachi hata chembe ya saruji, nao ni wa kusimulia. Historia yake hapa kwetu ni ndefu. Mwezi Februari 1858 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walilifikia ziwa hili baada ya zaidi ya miezi saba kutoka pwani. Burton miguu yake ilikuwa imemshinda kwa maradhi, akawa wa kubebwa. Speke alikuwa anaugua macho, na ziwa alilolifuata kwa safari yote ile lilikuwa kwake ukungu na mng'ao tu. Walipofika kilimani Burton aliona mstari wa mwanga chini, akauliza ni nini. Aliyemjibu kwamba yale ni maji ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika na kuwa kiongozi wa misafara. Namuona Bombay kama mzee wa kazi hii: mtu anayesimama kando ya mgeni asiyeona na kumwambia kilichopo, kwa maneno machache yaliyo sahihi.

Mtembezaji aliyetupokea Ujiji siku ile, mimi na mwalimu, alikuwa na kipaji hicho. Hakuanza na mwaka wala na jina la mzungu yeyote. Alianza na mahali. "Shikamoo, mwalimu. Tupo chini ya miembe miwili. Mbele yako ni wazi, hakuna ngazi." Akanyamaza, akampa nafasi ya kupokea. Niliwahi kusikia watembezaji wakifundishwa kuelekeza wasioona kwa kutumia uso wa saa, na nikamuuliza kwa nini yeye hafanyi hivyo. Akatabasamu. "Saa ya Kiswahili itampoteza. Nikisema saa tatu, akifuata namba ataenda kulia. Akifuata mshale unavyosimama saa tatu asubuhi, ataenda kushoto." Alikuwa amelifikiria jambo hilo mpaka mwisho. Badala ya saa alitumia mwili wa mgeni na vitu anavyoweza kuvihisi: mkono wako wa kulia, nyuma yako, upande wa jua.

Akatueleza kwamba zamani maji yalifika karibu zaidi, na kwamba ziwa limerudi nyuma tangu enzi za Livingstone. Ilikuwa alasiri. Kutoka ufukweni zilikuja nyundo za mafundi boti, na upepo wenye harufu ya dagaa walioanikwa. Mwalimu aliinua uso, akageuka kidogo kidogo mpaka joto la jua likamtulia kwenye mashavu yote mawili sawasawa.

"Kwa hiyo ziwa liko hapa mbele yangu," alisema, "na ng'ambo yake ni Kongo."

"Ndiyo, mwalimu."

Mtembezaji hakumshika bega wala hakumgeuza. Alisubiri. Mwalimu akajizungusha mwenyewe, polepole, mpaka jua likawa mgongoni, akanyoosha fimbo yake nyeupe mbele, kuelekea mashariki.

"Na waliofungwa minyororo," aliuliza, "walipelekwa huku?"

"Huko huko," mtembezaji akajibu. "Mpaka Bagamoyo."

Mwalimu akabaki amesimama hivyo kwa muda mrefu, fimbo ikiwa imenyooka, na hakuna aliyemharakisha.