Kioo Kilichoanguka Mara Mbili

Kilipoanguka mara ya kwanza, gari lilikuwa limesimama. Hapakuwa na shimo wala tuta, wala mkono uliokigusa. Nililiegesha asubuhi katika uwanja usio na mti, karibu na soko la Migori, na niliporejea alasiri nilikikuta kioo cha kutazamia nyuma kimelala kifudifudi juu ya dashibodi, kile kipande chake cha madini kikiwa bado kimeng'ang'ania shingoni mwake kama kupe. Mara ya pili kilianguka siku nne baadaye, tulipokwisha kuipita Rodi Kopany, pale barabara inapoteremka kuelekea mji wa Homa Bay na ziwa lake, na safari hiyo kilinidondokea mapajani ilhali lori lilikuwa likinifuata kwa karibu. Baina ya maanguko hayo mawili kulikuwa na matengenezo ya dakika tano, na baada yake yakaja matengenezo ya siku nzima. Ni tofauti ya matengenezo hayo ndiyo ninayokusudia kuichambua.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya majina, kwa kuwa lugha yetu, ambayo haikuona haja ya kutenga kile tunachoonea upande wa pili na kile tunachojionea wenyewe, huviita vyote viwili kioo. Basi kile kilicho mbele ya dereva, chenye kumkinga na upepo, nitakiita kioo kikubwa. Kile kining'iniacho juu yake, kioo kidogo. Ama kile kipande cha madini, kinachokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kinachogundishwa kwenye kioo kikubwa ili kioo kidogo kipachikwe juu yake, nitakiita kishikizo. Kioo kidogo huwa na uzito upatao robo kilo, nacho kishikizo kina eneo la sentimita mraba 4 hivi, maana yake kila sentimita mraba ya gundi hutakiwa kubeba gramu zipatazo 60 tu, ilhali gundi njema iliyoushika uso safi huweza kuhimili kilo 100 katika eneo hilohilo. Kwa hesabu hiyo hata gundi hafifu ingetosha na kusaza, na asemaye kwamba kioo kilianguka kwa sababu gundi haikuwa na nguvu hajaeleza kitu.

Sababu ya kwanza ni jua. Migori na Homa Bay zipo kusini kidogo ya ikweta, na gari lililofungwa madirisha likaachwa uwanjani tangu asubuhi hata adhuhuri huweza kuipasha dashibodi yake joto la nyuzi 70, na kioo kikubwa, kilichoinama kama paa, hakiachwi nyuma sana. Sasa, vitu hivi havipanuki kwa kadiri moja: chuma hupanuka kwa theluthi zaidi ya kioo, na zinki, ambayo vishikizo vingi huundwa kwayo, hupanuka takriban mara 3 ya kioo. Katika kipande cha sentimita 2 tofauti hiyo haifiki hata unene wa unywele, lakini hurudiwa kila mchana na kila usiku, mwaka hata mwaka, na gundi iliyo ngumu kama kigae, isiyojua kunyumbuka, huingia nyufa kidogo kidogo hata siku moja ikaachia bila ya kuguswa na mtu. Sababu ya pili haionekani kwa jicho: plastiki ya dashibodi inapopata joto hutoa mvuke wa mafuta, nao hupanda ukatanda kwenye upande wa ndani wa kioo kikubwa utando mwembamba mno, na wale wapendao kuing'arisha dashibodi kwa dawa za mafuta huuongeza utando huo kwa mikono yao wenyewe.

Fundi wa kwanza, kijana wa jua kali pale Migori, mwenye mikono myepesi na maneno machache, hakukosa akili. Alikosa muda tu, kwani wateja watatu walikuwa wamemsimamia. Alikipangusa kioo kwa kitambaa kilichokuwa kikining'inia mfukoni mwake, akatia matone ya supagluu, akabana, akahesabu hadi 20, akapachika kioo kidogo hapohapo, na kazi ikawa imekwisha. Gundi ile si ya kudharauliwa. Harry Coover aliikuta huko Marekani mwaka 1942, alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea bunduki, akaiacha kwa kuwa ilinata kila kilichoigusa, na haikuingia madukani hata mwaka 1958. Lakini tabia yake ni kugandishwa na unyevu, na ikishaganda huwa ngumu, yenye kuvunjika upesi kwa kishindo na kulegea kwa joto. Kuitumia adhuhuri, juu ya kioo chenye moto na mafuta, ni kuitaka ifanye isiyoyaweza.

Kilipotudondokea huko Rodi, nilimwamuru mpwa wangu apige magoti kwenye kiti cha nyuma, atazame barabara kupitia dirisha, naye akawa ananihubiria: "Mjomba, pikipiki mbili, kushoto. Mjomba, lori limerudi nyuma." Nikatambua kwamba tumerejea enzi za mwanzo za gari, kwani kazi ile ya utingo ilikuwapo hata katika mashindano. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, dereva wa Kiingereza, aliwanasihi wanawake katika kitabu chake wachukue kioo cha mkono, wakiinue kila watakapo kujua yaliyo nyuma. Na mwaka 1911, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, ambapo wenziwe walipanda na mafundi wa kuwatazamia nyuma, Ray Harroun alikwenda peke yake na kioo alichokifunga mbele yake, akashinda. Baadaye alikiri kwamba njia ile ya matofali ilikitikisa kioo hata asione kitu. Mtikisiko, basi, ni hasimu wa kioo hiki tangu siku yake ya kwanza.

Fundi wa Homa Bay hakuuliza gundi gani ilitumika. Alikichukua kishikizo, akakigeuza juani, akanionyesha: mgongo wake ulikuwa na ngozi nyeupe ya gundi, nzima, isiyopungua hata ukingoni, na mahali pake kwenye kioo kikubwa palikuwa pakavu pasipo hata chembe.

"Jaduong'," akasema, "gundi yote imekuja na chuma. Kioo hakikushikwa hata siku moja."

Huo ndio uchambuzi wenyewe, na umetimia kwa sentensi mbili. Gundi ikikatika katikati, nusu ikabaki huku na nusu kule, kosa ni la gundi; ikibanduka yote upande mmoja, kosa ni la uso wa upande ule ilikobanduka. Aliongeza kwamba kishikizo kilikuwa kimegeuzwa chini juu, kwani katika gari hili upande wake mwembamba hutakiwa kuelekea juu, ili shingo ya kioo kidogo ishuke juu yake na uzito wenyewe uzidi kuikaza.

"Basi tufanyeje, fundi?"

"Leo hatufanyi kitu. Kioo kimeiva. Lala hapa, njoo kesho alfajiri."

Nikaja saa kumi na mbili na nusu, wakati mitumbwi ya omena ilipokuwa ikirejea kutoka katika uvuvi wa usiku, na kioo kikubwa kilikuwa baridi mkononi. Kwanza alitia alama kwa kalamu ya nta upande wa nje, kwa kuwa alama ya ndani ingefutika pamoja na uchafu. Kisha akapaparua mahali pale kwa wembe mpya uliolazwa na maji ya sabuni, akachukua kitambaa cheupe cha pamba, akakitia spiriti, akafuta mara moja na kunionyesha: kilikuwa na rangi ya chai. Akageuza upande safi, akafuta tena, akageuza tena, na hakuacha hata kitambaa kiliporudi cheupe kama kilivyokwenda. Hapo akakipulizia kioo pumzi yake, na ule ukungu ukatanda sawasawa bila ya mabaka, dalili kwamba mafuta yamekwisha; akaungoja ukauke, akapitisha spiriti mara ya mwisho. Msasa aliuweka kwa ajili ya kishikizo peke yake, akakikwangua kwa njia mbili zenye kukatana hata ngozi ile nyeupe ikatoka na madini yakapata mikwaruzo ya kushikiwa, na tangu hapo hakukishika ila kwa kingo.

Gundi aliyoitumia ni ile iuzwayo kwa kazi hii katika maduka ya vipuri, kijichupa cha gundi pamoja na kichocheo chake, nayo ina desturi ya ajabu: hewa huizuia kuganda, hata ikibanwa mahali pasipofikiwa na hewa ndipo hukaza. Kwa hiyo tone moja ni bora kuliko matatu, maana ziada hutoka kingoni ikabaki mbichi, na utando mnene hudhoofisha kazi. Alipaka kichocheo, akakiacha kikauke, akatia tone moja, akabana kwa kidole gumba bila ya kutikisa huku akihesabu polepole hadi 60. Baada ya hapo hakutaka kioo kidogo kipachikwe hata kesho yake.

Nilimuuliza kwa nini asitumie ile gundi ya mirija miwili, ambayo ni kali zaidi. Akajibu kwamba amekwisha kuona kishikizo kikianguka na kibanzi cha kioo mgongoni mwake. Jibu hilo lina hekima kubwa, kwani kioo kikubwa ni tabaka mbili za kioo zilizoshikanishwa na plastiki katikati, na gundi ngumu isiyonyumbuka, ikivutana na madini yanayopanuka, huweza kuimegua tabaka ya ndani. Hapo kilichokuwa kazi ya kijichupa huwa kazi ya kununua kioo kizima.

Lawama yangu kwake ni moja tu, nayo ni ya mteja: alinilaza Homa Bay usiku wa pili. Kesho yake alikipachika kioo kidogo, akakivuta kuelekea chini kwa nguvu kuliko nilivyopenda, kisha akanipa ufunguo. Tuliporudi Migori, mpwa wangu akiwa amekaa mbele nami, tulipita Rodi, tukapita Rongo, tukaingia Awendo kwenye magari ya miwa, na kila nilipoinua macho kioo kilikuwa kimetulia mahali pake, lakini kijana yule, mara kwa mara, aligeuza shingo akanong'ona, "Mjomba, pikipiki, kushoto."